Eksirei inaonyesha nyonga ya kulia imepanda: nianze kunyooshwa?

Fundi_Cherehani: Ndugu wanajamvi, nina umri wa miaka 41, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiumwa kiuno upande wa kulia, hasa ninaposimama kukata vitambaa. Nilipigwa eksirei ya nyonga nikiwa nimelala chali. Mhudumu wa kituo kimoja cha tiba ya viungo aliichora mstari picha hiyo, akasema nyonga ya kulia imepanda kwa milimita 7, hivyo nilipie vikao 20 vya kunyooshwa. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Mpigapicha_wa_Mifupa: Pole sana, ndugu. Kabla ya kuuamini mstari huo, itazame picha yenyewe: ikiwa mwili uligeuka kidogo mezani, moja kati ya matundu mawili makubwa yaliyo chini ya fupanyonga litaonekana jembamba kuliko jingine, na ncha ya kifandugu (kimfupa cha mwisho cha uti wa mgongo) haitaelekea katikati ya kiungo cha kinena. Picha ya namna hiyo haifai kupimia mpando. Hata ikiwa imenyooka, ukilala miguu haibebi uzito, ilhali maumivu yako huja ukisimama. Kwa swali hili mgonjwa hupigwa picha akiwa amesimama bila viatu, magoti yamenyooka, uzito umegawanyika sawasawa, kisha kimo cha vichwa vya mifupa ya paja hulinganishwa.

Mama_Fizio: Naongezea. Miguu kutofautiana kwa chini ya sentimita 1 ni jambo la kawaida, na wengi huishi nalo bila kulijua. Kwa futi ya kamba pekee nimewahi kumpima mgonjwa mmoja mara mbili nikapata majibu mawili, kwa hiyo milimita 7 hazinitishi. Mimi humsimamisha mgonjwa, nikaweka vibao vyembamba chini ya mguu unaoonekana mfupi hadi nyonga zilingane, nikamuuliza kama maumivu yamepungua. Eksirei haikuonyeshi misuli wala neva zilivyo. Je, una ganzi mguuni, au mkojo unakusumbua? Ukiona dalili hizo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Fundi_Cherehani: Ahsanteni sana. Nimeishika picha mbele ya dirisha, na tundu la kushoto ni jembamba waziwazi. Ganzi sina, mkojo hauna shida. Jumatatu nitamwona daktari wa mifupa. Fedha za vikao zibaki kwanza kwenye kibubu.