Goli tupu, kipa yuko chini, na bado unapaisha??

Wakuu, natoka kwa Mkapa muda huu, sijala, sijaoga, naandika huku mikono inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua. Namba tisa wetu. Yule wa mshahara wa waziri.

Krosi imekuja safi, imempita beki wa kwanza, ikampita wa pili, kipa kaifuata akaikosa, kalala chini huko anahesabu nyasi. Goli limebaki tupu. Mita mbili, na hapo nimekuwa mkarimu. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kulikosa hilo ni lazima udhamirie!

Jamaa kapaisha. Mpira saa hizi uko Kigamboni, unasubiri pantoni urudi.

Na si leo tu. Katikati ya uwanja tunagonga pasi mpaka wageni wanapiga makofi. Tukishafika kwenye kumi na nane, aibu inatuingia: piga wewe, hapana piga wewe, ghafla mpira uko kwa kipa wetu. Leo tumepata kona kama themanini. Zote kichwani kwa beki wao, maskini sijui kama atalala na maumivu hayo.

Lakini mita mbili, jamani. Kipa yuko CHINI.

Kilichoniua kabisa ni baada ya mechi. Kawekewa maiki, anasema, "Tunashukuru kwa pointi moja, tunajipanga kwa mechi ijayo." Unajipanga na nini? Goli lilikuwa TUPU!

kona_fupi: Nilisema tangu dirisha dogo la usajili mkanitukana humu humu. Nimekaa paleee.

mzee_wa_mkeka: Wewe umekosa usingizi, mimi nimekosa kodi ya nyumba. Timu zote zilitiki, ikabaki yenu tu. Mkeka wangu wa kubeti umechanika dakika ya 90.

beki_mstaafu: Mwacheni kijana. Yakubu wa Nigeria, Kombe la Dunia 2010, Durban, dhidi ya Korea Kusini, alikosa goli tupu kama hilo hilo. Dakika chache baadaye akafunga penati, maisha yakaendelea.

Mtoa mada: Yakubu kafunga mabao kibao Uingereza. Huyu wetu msimu huu kafunga ndoa tu.

beki_mstaafu: 😂😂 Hapo sina la kusema.

chumvi_kidogo: Mtoa mada, si wewe tuliyekuwa tunakuweka golini mtaani kwa sababu mpira ulikuwa wako?

Mtoa mada: Tusiletane maisha binafsi.

shabiki_kindakindaki: Ugonjwa ni wa nchi nzima huu. AFCON, Januari 2024, Zambia wako kumi tangu kipindi cha kwanza, Msuva katufungia mapema kabisa. Bao la pili likatushinda, Daka wao akachomoa dakika ya 88. Mechi tatu za kundi, bao moja!

bibi_titi_wa_mbagala: Usinikumbushe. Siku hiyo umeme ulikatika dakika ya 80, nikajua tumeshinda, nikalala na jezi. Asubuhi nawatania watu ofisini, wananiangalia tu.

mzee_wa_mkeka: Umeme wenu unakatika mara moja, mnashukuru. Huku unakatika na kurudi, kukatika na kurudi. Friji langu limeungua jana.

kona_fupi: Langu mwezi uliopita. Na samaki wote ndani.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Mita MBILI.

bibi_titi_wa_mbagala: Samaki gani, changu au kibua?

kona_fupi: Changu, dada yangu. Wakubwa hivi. Nililia.

chumvi_kidogo: Pole sana. @mzee_wa_mkeka hilo friji usilitupe, fundi ninaye Tandika, nitafute pembeni. Hachukui hela mpaka ligande.

mzee_wa_mkeka: Nakuja sasa hivi mkuu. Anakubali kulipwa kidogo kidogo?