Kobe nishukie stesheni ipi? Natoka Tokyo na mabegi mawili

Mgeni_Njiani:
Wakuu, salaam. Wiki ijayo natoka Tokyo kwenda Kobe kwa Shinkansen, treni ya kasi. Hoteli iko Sannomiya, tiketi inasema Shin-Kobe, na kwenye ramani naona stesheni nyingine inaitwa Kobe tu. Nishuke wapi? Ijumaa nitakuwa huko, msikiti uko mbali?

Pwani_Kavu:
Jina lisikudanganye, mkuu. Stesheni ya Kobe ni kongwe, ya tangu 1874, lakini pilikapilika za mji zilishahamia Sannomiya. Wewe shuka Shin-Kobe, ingia treni ya chini ya ardhi, kituo kimoja tu umefika.

MamaSalha:
Kituo kimoja kweli, ila hiyo si ya JR, shirika la reli lenye hiyo Shinkansen, nauli yake unalipa kando. Mdogo wangu, kama una tiketi ya karatasi iliyoandikwa Kobe-shinai, yaani ndani ya jiji la Kobe, shukia Shin-Osaka, stesheni ya kabla ya Shin-Kobe, kisha panda treni ya kawaida ya JR mpaka Sannomiya. Huongezi nauli.

Mgeni_Njiani:
Asante dada. Na hapo Sannomiya nasikia watu wanapotea?

Pwani_Kavu:
Wanapotea sana, mimi mmojawapo 😂 Pale kuna JR, kampuni nyingine za reli Hankyu na Hanshin, treni ya chini ya ardhi, na treni ya Port Liner ya kwenda uwanja wa ndege wa Kobe, kila moja na mlango wake. Dawa ni moja: milima iko kaskazini, bahari kusini. Hata wenyeji wanaelekezana hivyo, "upande wa mlimani", "upande wa baharini". Ukiona unateremka, unaelekea bandarini.

MamaSalha:
Msikiti basi ni upande wa mlimani, kwa miguu dakika kumi na kitu. Ulijengwa 1935, wa kwanza Japani. Mabomu ya vita ya 1945 yaliuacha umesimama, na tetemeko la Januari 1995, lililoangusha majengo mengi hapo Sannomiya, nalo likauacha. Maduka ya halali yako jirani hapo hapo. Nenda mapema.

Mgeni_Njiani:
Nimeitazama tiketi, ni ya kwenye simu. Hilo neno la Kobe-shinai silioni.

MamaSalha:
Basi ni Shin-Kobe, hakuna ujanja. Tafuta lifti, ngazi uziache. Mabegi ukishayafikisha hotelini, rudi siku nyingine utazame maporomoko ya maji ya Nunobiki, yako nyuma tu ya stesheni.