Vitz inabugia mafuta: nibadilishe sensa, nioshe injekta, au niuze nichukue Note?

Mkaazi_Utawala
Wadau, habari za jioni. Vitz yangu imeanza kubugia mafuta ajabu. Zamani nikiweka ya elfu tatu nilikuwa naenda kazini wiki nzima, siku hizi kufika Alhamisi taa ya mafuta imeshawaka. Fundi wangu anasema ni sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, ninunue mpya. Fundi mwingine anataka kuosha injekta, zile pua za kunyunyiza petroli kwenye injini. Shemeji naye anasema niuze nichukue Nissan Note, na mnunuzi ameshamtafuta. Mngekuwa nyinyi mngeanzia wapi?

Spana14
Bosi, hujatuambia kitu. Ni ya mwaka gani? Injini ya 1000 au ya 1300? Taa ya injini imewaka? Na kupima kwa shilingi si kupima. EPRA, mamlaka ya kawi, hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14, kwa hivyo elfu tatu ya mwaka jana na ya leo si lita zilezile. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha urudi ujaze pampu ileile. Gawa kilomita kwa lita. Hapo tutakuwa na cha kuongea.

Note_Pekee
Sikiliza shemeji. Note E12 ni 1200, silinda tatu, ina nafasi nyuma hata kwa kiti cha mtoto, na barabara ya Naivasha inakwenda vizuri sana. Vitz 1.0 ukiwasha AC mlimani inalia tu, na gari likikazana ndivyo linavyokunywa.

Kalipa_Moto
Note sawa, lakini mwambie pia habari za giaboksi. Hiyo CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, inataka oili ya NS-3, na wauzaji wengi hawajui iliyomo ni ipi. Usiuze ugonjwa unaoujua ununue usioujua.

MamaWaDemio
Kaka, kabla hujanunua sensa yoyote soma hii. Demio yangu ilianza hivihivi. Nikaipeleka gereji moja, sitaitaja. Wakabadilisha sensa ya oksijeni. Haikusaidia. Wakabadilisha plagi, kisha koili, kisha wakaniambia katalitiki, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, imeziba, lazima ikatwe. Ilikatwa, na sikurudishiwa. Gari likaanza kunguruma kama matatu na mafuta likanywa vilevile. Kila nikirudi naambiwa "madam, sasa tumeipata".

Mwishowe binamu yangu alichomeka skana yake ndogo ya bluetooth, tukazunguka Southern Bypass huku anaangalia joto la maji kwenye simu. Kwenye mwendo mzuri lilikuwa linashuka hadi 60 na kitu, halafu foleni ikishika linapanda. Akasema simama, tufungue kasha la themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye redieta kabla injini haijapata joto. Kasha lilikuwa tupu! Kuna fundi aliyeitoa zamani, kabla sijalinunua. Kompyuta ya gari ikiona maji hayajapata joto inadhani injini ndiyo kwanza imewaka asubuhi, basi inazidisha petroli safari nzima. Themostati mpya ilikuwa bei ndogo kuliko kitu chochote nilichouziwa pale gereji. Bado inaniuma.

Mzee_wa_Grogan
Dada pole, lakini themostati ni za nchi za theluji. Huku kwetu tunazitoa ili gari lisichemke. Nimefanya kazi hii Kirinyaga Road tangu enzi za kabureta na sijaona shida.

Spana14
Mzee, shikamoo, na kwa heshima zote: enzi za kabureta hakukuwa na kompyuta ya kusoma joto. Injini hizi zimeundwa kufanya kazi kwenye digrii 80 hadi 95 hivi, hata kama nje kuna jua la Garissa. Gari likichemka, tafuta redieta iliyoziba, feni iliyokufa au kifuniko kisichoshika presha. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa.

Mzee_wa_Grogan
Marahaba. Nimewatolea wateja wengi na hakuna aliyerudi kulalamika.

Kalipa_Moto
Mwenye uzi, fanya na hili, ni bure. Ukifika nyumbani, karibia kila rimu kwa mkono, pole pole usiungue. Moja ikiwa moto kuliko zingine, breki ya hapo inashika. Piga jeki uzungushe gurudumu. Angalia pia upepo wa matairi, kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva.

Mkaazi_Utawala
Nimerudi baada ya kupima. Ni ya 2013, 1000, taa ya injini haijawaka. Nimepata kilomita 10 kwa lita. Rimu zote joto sawa. Kitu kingine, niliiinua kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo cha springi, na kuweka rimu za 15 kwa sababu ya matuta ya kwetu, tairi ni 185/65. Na ile taa ya buluu ya injini baridi, asubuhi huzimika nikikaribia Cabanas.

Spana14
Utawala mpaka Cabanas taa ya buluu? Anza na themostati. Hiyo taa inapaswa kuzima dakika chache tu baada ya kutoka. Na tairi zako: za kiwandani ni 165/70 R14. Hizo zako zina kipenyo kikubwa kwa karibu asilimia 6, kwa hivyo dashibodi inahesabu kilomita pungufu. 10 yako ni kama 10.6 ya kweli. Lakini ni nzito, na kainjini ka 1000 kanazisukuma kwenye kila foleni. Sensa acha kwanza.

Note_Pekee
Bado nasema Note. Au Toyota Aqua kabisa, ni haibridi ya petroli na betri, kwenye foleni injini inazima yenyewe.

Kalipa_Moto
Aqua betri yake ikichoka utalia. Kuna mtu hapa amebadilisha seli moja moja zikadumu?

Mkaazi_Utawala
Themostati nitaitafuta Jumamosi. Shemeji nimemwambia mnunuzi asubiri, amekasirika kidogo. Matuta ndiyo yananisumbua, nikirudisha tairi ndogo nitagonga chini.

Donholm_Boy
Ukizitoa hizo za 15, unaziuza? Tundu nne au tano?