Vitabu vya zamani hapa Tabora: maktaba ya mkoa, shule au niuze tu?

Mzee wa Isevya: Wakuu habari za jioni. Nimepata uhamisho, nyumba narudisha mwisho wa mwezi, nina maboksi manne ya vitabu na sitaki kuyabeba. Kuna riwaya za Kiswahili, za Kiingereza, kamusi, vitabu vya sekondari walivyosomea wanangu na rundo la magazeti ya zamani. Jamaa wa vitabu vya mtumba ananipa hela ya mboga tu. Sasa kati ya maktaba ya mkoa na shule ya msingi hapa jirani wapi vitasomwa kweli?

Mama Kanyenye: Shule nzuri ila uliza kwanza funguo ya kabati anakaa nayo nani. Kuna shule moja nilipeleka vitabu vya hadithi vizuri kabisa, vikafungiwa ofisini kwa mkuu, watoto wanavichungulia kwenye kioo kama keki 😂

mtu_wa_reli: Maktaba mkuu. Pale anaingia mwanafunzi, bodaboda, mstaafu, yeyote. Ila usiende kumwaga maboksi mlangoni, ongea na mkutubi kwanza maana atachagua, anachokubali kinagongwa muhuri, kinaandikwa kwenye rejista, kinapewa namba ndo kinaenda shelfuni, kwa hiyo usipokiona kesho yake usianze kusema wamekula.

Dogo_Ng'ambo: Vya shule umechelewa mzee, mtaala mpya umeanza 2024 na mashuleni wanataka vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania.

mtu_wa_reli: @Dogo hapo sikubaliani na wewe. Uraia na historia sawa, vinachuja, lakini hesabu na fizikia maswali ni yale yale, na wanaojisomea QT, ule mtihani wa maarifa wa walio nje ya shule, wengi wanakimbilia maktaba kwa sababu nyumbani hakuna utulivu wala kitabu. Mwenye QT ukimpa kitabu cha fizikia cha zamani hakuulizi cha mwaka gani, anauliza kama kurasa zimetimia.

Bi Cheyo: Jamani na mchwa je? Kama boksi lilikaa chini sakafuni fungua kila kitabu pale kwenye gundi, ukiona vumbi la udongo au vitundu hicho weka pembeni, kimoja tu kinaweza kumaliza shelfu nzima. Na pekua kurasa, watu tunaficha hela na vyeti humo.

Dogo_Ng'ambo: Au peleka gereza la Uyui, kule muda wa kusoma wanao 😅

Bi Cheyo: Unacheka lakini sio wazo baya, ila lazima uombe kibali na wewe Mzee unaondoka mwisho wa mwezi.

Mzee wa Isevya: Nimewaelewa. Riwaya, kamusi na vya sayansi nampigia mkutubi Jumatatu, vya hadithi za watoto shule, ila nakabidhi kwa mwalimu wa darasa mwenyewe sio ofisini. Vya uraia huyo wa mtumba achukue. Magazeti je?

Mama Kanyenye: Niletee mimi, nafungia karanga.