Kisiwa cha Maziwe: kilizamishwa na tabianchi au na shoka?

Nahodha wa Sahare

Wakuu salaam. Mimi ni mvuvi niliyestaafu kwa sababu ya mgongo, miaka 60 kasoro, naishi Sahare hapa Tanga ila asili yangu Ushongo, Pangani. Shule sikufika mbali.

Mwezi uliopita tuliitwa semina ya tabianchi. Chai, sambusa, daftari, na posho jioni (siidharau, nimenunulia nyuzi za jarife). Mwezeshaji, kijana mtanashati, akatuonyesha picha ukutani: fungu la mchanga katikati ya bahari. Akasema hiki ni kisiwa cha Maziwe, hapo mbele ya Pangani, kimezama kwa sababu ya ongezeko la joto duniani.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, mwanangu, Maziwe mimi naikumbuka ikiwa na mivinje. Nilikuwa mtoto wa kufua maji ngalawani, tukipiga dago, yaani kambi ya wavuvi, chini ya miti hiyo, na upepo ukipita juu ilivuma kama mtu anayepumua usingizini. Usiku kasa walipanda kutaga. Kisha mivinje ikakatwa. Ilipokwisha, hazikupita kusi nyingi (misimu ya upepo wa kusini) mchanga ukaanza kuondoka, leo kipande huku, kesho kule, mpaka kikabaki kile kifungu ambacho bamvua, yale maji makuu, ikijaa hukioni. Siku hizi mayai ya kasa yanahamishwa yanaletwa pwani ya Ushongo ili yasiende na maji. Nikasema: mashoka niliyaona kwa macho yangu.

Watu wakacheka. Mwezeshaji akasema muda umetubana, twendeni tukale.

Kufika nyumbani mwanangu anayesoma chuo ananiambia nimemtia aibu, eti mimi mpinga sayansi. Sasa nauliza. Mtu akinikosea kwa kitu nilichokiona, nimwamini vipi kwa kitu nisichokiona, hiyo hewa ya huko juu? Upo ushahidi ambao mtu kama mimi anaweza kuushika? Mwenye matusi apite mbali.

Mla Chukuchuku

Mzee umemaliza kila kitu. Hizo ni hela za wazungu zinatafuta pa kutokea. Nenda Kaole pale Bagamoyo: palikuwa bandari, majahazi yanafunga, leo tope na mikoko mitupu. Bahari imerudi nyuma! Sasa inapanda au inashuka? Wachague moja.

Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Nimefundisha fizikia sekondari hapa Tanga miaka mingi, nitajaribu kutokukuchosha.

Kuhusu Maziwe uko sahihi, na kijana yule amerahisisha mno. Kuanzia 1901 hadi 2018 bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, kama urefu wa kiganja chako na vidole ukivinyoosha. Kimo hicho, tena kwa zaidi ya miaka mia, hakiwezi kumeza kisiwa ndani ya misimu michache. Kisiwa cha mchanga kimeshikwa na mizizi. Ing'oe mizizi, kusi itafanya kazi iliyobaki. Ila usiishie hapo: mwanzoni mwa karne iliyopita bahari ilikuwa ikipanda milimita moja na kidogo kwa mwaka, na sasa inakaribia milimita 4. Kifungu kisicho na mti hata mmoja kitajirudishaje chenyewe katika maji yanayozidi kupanda?

Mla Chukuchuku, pale Kaole bahari haikurudi. Bandari ilijaa tope, mikoko ikaota juu yake. Umefanya kosa lile lile la mwezeshaji, ila wewe umelifanyia upande wa pili: mmeona pwani imebadilika, mkairukia sababu mliyokuja nayo mfukoni.

Sasa hewa. Mwaka 1859 John Tyndall, mtu wa Ireland, alipitisha joto ndani ya bomba lenye gesi moja baada ya nyingine, akakuta hewa ukaa inalizuia joto. Hapakuwa na semina wala posho. Mwaka 1958 Charles Keeling akaanza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akapata sehemu 315 katika kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi. Leo imepita 420. Na inajulikana imetoka wapi, kwa sababu kaboni iliyolala ardhini mamilioni ya miaka imekwisha poteza kaboni-14 yake yote (aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita), na hiyo iliyochakaa ndiyo inayojazana hewani. Wanaosema ni jua tu, wajibu hili: jua lingezidi ukali, anga la juu nalo lingepata joto. Vipimo vinaonyesha la chini linapata joto, la juu linapoa. Ndivyo inavyokuwa ukiongeza blanketi: ndani moto, nje baridi.

Cha kushika mwenyewe kipo, tena wewe unakiweza kuliko mimi. Vaa miwani uzamie mwambani. Baruti ya kuvulia samaki huacha shimo la vifusi, matumbawe yamesagika kama kokoto. Joto halivunji kitu. Tumbawe hubaki limesimama zima, jeupe kama chaki, na likikaa hivyo muda mrefu hufa palepale likaota majani. Mwaka 1998, mwaka wa elnino, pwani yetu ilipauka hivyo, hata penye mwamba usioguswa na bomu. Kwa hiyo ukiwa chini utaona ipi ni kazi ya mkono wetu na ipi sivyo. Nyingi ni zote mbili.

Bi Mwani

Baba shikamoo. Mimi nalima mwani Tongoni. Hayo ya anga namwachia mwalimu, nitasema ya magotini.

Zamani tulilima kotoni, aina ya mwani yenye bei. Kaskazi, maji yakipwa mchana, yale yanayobaki shambani unayakanyaga unahisi kama ya kuoshea vyombo. Asubuhi ya pili matawi yamegeuka meupe kwenye ncha, ukiyashika yanalainika, yanakatikia mkononi, kamba inabaki na tai-tai tupu, vile vikamba vya kufungia mche. Tukahamia spinozamu, aina nyingine inayovumilia joto, nayo bei yake mnaijua wenyewe. Tukaambiwa twende kina kirefu, maji ni baridi. Sawa, lakini wengi wetu hatujui kuogelea na chombo hatuna. Hilo la joto hakuna aliyenisimulia.

Na mimi huwa nabisha semina, baba. Walikuja na miche ya mikoko wakaipanda mbele kabisa, pahala pa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko. Tukawaambia mkoko wa mche huu hauko hapo, unakaa nyuma yake. Wakapiga picha, wakaondoka. Bamvua ya kwanza ikachukua mingi, iliyobaki ikagandwa na chaza mpaka ikafa. Sasa niseme tabianchi ndiyo iliyoua ile miche?

Swali langu kwako ni moja. Hao waliokata mivinje walikuwa nani? Maana huku waliokata mikoko nawajua kwa majina, na mmoja ni shemeji yangu.

Nahodha wa Sahare

Mwalimu, marahaba, nimekuelewa, na hilo bomba la Tyndall nimelipenda. Nimemsomea mwanangu, kanyamaza, nami nikanyamaza. Tumekubaliana Jumamosi tutoke na mashua ya jirani tukauangalie mwamba, yeye azamie, mimi nishike usukani kwa sababu ya mgongo.

Bi Mwani, umeniuliza kitu ambacho mwezeshaji hakukijua kukiuliza. Walikuwa wengi, wengine wageni, wengine watu wetu wa dago. Shoka moja lilikuwa la baba yangu, Mungu amrehemu. Mlingoti wa ngalawa yetu ulikuwa mvinje wa Maziwe, na wakati anauchonga, mimi ndiye niliyeukalia ili usibingirike. Nilipokuwa nasimama pale semina nikasema "mashoka niliyaona", hilo sikulisema.

Mla Chukuchuku, nafasi chomboni ipo. Njoo na lita tano za petroli.