Tovuti za reli za ng'ambo: unajazishwa fomu nzima, halafu unakataliwa kwenye kulipa

ReliNaHasira (mwanzisha uzi)

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, mnisamehe lugha.

Kukata tiketi ya treni mtandaoni ukiwa mgeni ni kutumia mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa: mwenye laini ya simu ya pale, kitambulisho cha pale, kadi ya benki ya pale na anwani yenye msimbo wa posta. Wewe wa nje wanakuacha uingie, uchague treni, uchague siti ya dirishani, uandike majina na namba za pasi za watu wanne. Ukifika kwenye kulipa ndipo linatokea neno moja: "Hitilafu". Hitilafu gani? Ya nani? Kimya. Na saa ya kuhesabu dakika inakimbia pale juu, ikiisha siti zinarudi sokoni na nauli ya chini imeshachukuliwa.

Kadi inaweza kukataliwa na watu watatu tofauti, na ukurasa hausemi ni yupi. Wa kwanza ni benki yako mwenyewe. Kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje, au zina kikomo cha siku kilicho chini ya nauli ya familia. Hilo limalize na benki kabla hujafungua tovuti ya reli. Wa pili ni hatua ya uthibitisho: namba inatumwa kwa SMS kwenye laini uliyosajili benki. Kama umeshafika ugenini na umeweka laini ya huko, ile ya nyumbani imelala kwenye pochi na SMS haina pa kutua. Ulaya sheria za kuthibitisha mnunuzi kwa njia mbili zilianza Septemba 2019, na tovuti nyingi hupitisha kila kadi kwenye geti hilo, ya kwao na ya kwako. Iambie benki ihamishe uthibitisho kutoka SMS kwenda kwenye aplikesheni yake, na fanya hivyo kabla ya safari, kwa sababu kubadilisha mara nyingi kunahitaji SMS ileile. Wa tatu ni tovuti yenyewe, ambayo mtambo wake wa kunusa wizi ukiona kadi ya nchi moja na intaneti ya nchi nyingine unafyeka bila maelezo. Mwenye VPN (programu ya kuficha uko nchi gani mtandaoni) aizime, pale inamharibia zaidi.

Halafu lile la kukufanya ukose usingizi: salio limepungua, tiketi haipo. Mara nyingi pesa imezuiwa tu, haijachukuliwa, na muuzaji asipoidai benki huiachia baada ya siku kadhaa. Usibonyeze kulipa tena kwa papara! Angalia kwanza barua pepe, pamoja na zile za takataka, kisha sehemu ya tiketi zako ndani ya akaunti. Kuna watu wenye tiketi mbili za treni moja, zote za nauli isiyorudishwa.

Fomu nazo ni tusi. Sehemu ya simu inahesabu tarakimu za nchi yao tu. Msimbo wa posta ni wa lazima hata kama unatoka nchi ambayo watu hawautumii, basi unaandika 00000 na kuomba Mungu. Jina lenye ng' linakataliwa kwa sababu ya kile kialama cha juu. Dawa: chukua jina kutoka kwenye ile mistari miwili ya chini kabisa ya ukurasa wa picha kwenye pasi, ambako kialama hicho hakiandikwi. Mwenye majina matatu afuate pasi ilivyoyagawa, la ukoo peke yake na mengine yote pamoja, hata kama nyumbani haitwi hivyo.

Na saa, jamani. 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku. Kuanzia 07:00, toa sita kwenye saa unayoiona, na ikibaki kumi na tatu au zaidi toa tena kumi na mbili. Mtego mkubwa ni 00:15. Treni ya tarehe 14 saa 00:15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake unakwenda stesheni jioni ya tarehe 13. Atakayejitokeza jioni ya tarehe 14 atakuta treni iliondoka karibu siku nzima iliyopita, na nauli imekufa.

BehewaLaNyuma

Mkuu, hiyo ni Ulaya, bado hujagusa India. Kule unaweza kulipa, ukapokea uthibitisho, na usiwe na safari. Soma herufi. CNF ndiyo una nafasi. RAC unapanda, lakini mnakaa wawili kwenye kitanda kimoja mpaka kimoja kipatikane. WL ni foleni. Orodha ya mwisho ya abiria ikitoka ukiwa bado WL, tiketi ya mtandaoni inajifuta na unarudishiwa pesa, na wewe uko na mabegi jukwaani. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 mauzo ya kawaida hufunguliwa siku 60 kabla, zamani yalikuwa 120. Wageni wana fungu lao kwenye baadhi ya treni na madaraja, na hilo unaweza kukata hadi siku 365 kabla. Kinachoudhi ni kwamba limefichwa. Usipolichagua mwenyewe, mfumo unakupeleka kwenye foleni ya kawaida kama vile halipo.

China nako: kwenye 12306, tovuti rasmi ya reli yao, pasi yako ndiyo tiketi. Unafungua akaunti, unapakia picha ya pasi, unasubiri ihakikiwe. Usifanye hivyo asubuhi ya mauzo. Siti hufunguliwa siku 15 kabla. Dalali anayekuuzia "nafasi" miezi miwili kabla hana siti yoyote mkononi, ameshika oda yako na pesa yako tu, siku ikifika atagombania kama wewe. Sikukuu ya mwaka mpya wao na wiki ya tarehe 1 Oktoba anaweza akakosa. Stesheni, geti la mashine likigoma kusoma pasi usibishane nalo, nenda kwenye lango lenye mhudumu.

MamaRatiba

Mimi nawalaumu zaidi kwa nauli zao za chini na viza. Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, na linaweza kuvutwa hadi 45. Wakati huohuo nauli ya chini inapanda kila siku na hairudishwi. Ukinunua mapema viza ikakataliwa, umetupa pesa. Ukisubiri, unalipa mara mbili au tatu. Linalowezekana ni kutafuta nauli ya kati, inayofutika kwa kukatwa kiasi, na kusoma tarehe ya mwisho ya kuifuta KABLA ya kulipa. Ujerumani kwa mfano, Super Sparpreis haifutiki, Sparpreis inafutika kwa makato, Flexpreis ndiyo huru. Zile mbili za kwanza zimefungwa kwenye treni moja. Ukikosa kwa uzembe wako imekwenda, ila ikitarajiwa utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi kwa kosa la reli, kule kufungwa kwenye treni moja kunaondoka na unaweza kupanda nyingine.

Jingine ni kuunganisha treni. ReliNaHasira hujaligusa na ndilo linaloumiza. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu jumla yake ni nafuu, treni ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri na hakuna anayewajibika. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja ya pamoja, kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Juni 2023 zinakupa haki ya kuendelezwa hadi mwisho. Kuna na fidia: robo ya nauli ukichelewa kufika dakika 60 hadi 119, nusu kuanzia 120. Hailipwi kila wakati, chanzo kikiwa hali ya hewa iliyopita kiasi hawalipi. Lakini uliona wapi wameyaandika haya karibu na kitufe cha kununua?

Na Paris si stesheni moja! Ukifikia Gare du Nord na treni yako inaondokea Gare de Lyon unavuka mji. Acha nafasi ya saa nzima kati ya treni hizo mbili. Brussel-Zuid na Bruxelles-Midi ni mahali palepale, Venezia Mestre na Venezia Santa Lucia si palepale, moja iko bara na nyingine kisiwani. Tovuti nyingine haitambui "Florence" wala "Vienna", mpaka uandike Firenze na Wien.

TiketiMfukoni

Dada MamaRatiba umemaliza. Mimi nataka wale wanaosema "nunua pasi ya reli uepuke yote" (si pasi ya kusafiria, ni tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa siku kadhaa) waache kupotosha. Eurail ni ya wasioishi Ulaya, Interrail ni ya wakazi, usinunue isiyo yako. Na pasi si siti. TGV (treni za kasi za Ufaransa), Eurostar (ya kwenda London) na treni za kasi za Hispania na Italia zinadai uhifadhi unaolipiwa juu yake, na kwenye baadhi yake viti vya wenye pasi vina idadi. Utakuta treni ina nafasi tele kwa mwenye pesa na imejaa kwa mwenye pasi. Japani, Oktoba 2023, pasi ya siku 7 ya daraja la kawaida ilitoka yen 29,650 ikaenda 50,000, wakati Tokyo hadi Kyoto kwenda na kurudi kwa tiketi za kawaida haifiki 30,000. Kokotoa kwanza.

ReliNaHasira

Asante kaka, hapo kwenye pasi umenitangulia. Naongeza moja. Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge muhuri kwenye mashine ndogo ya jukwaani kabla ya kupanda, na ya kidijitali uithibitishe kwa simu kabla ya treni kuondoka. Umelipa, una tiketi halali, lakini hujagonga: unapigwa faini. Aliyezaliwa kule anajua tangu utotoni. Mgeni anaelezwa na mkaguzi, akiwa ameshashika kitabu cha faini.