Naomba ushauri: seva ya kuhifadhi picha za studio

Hamjambo ndugu zangu. Nina studio ndogo ya picha za harusi hapa River Road, Nairobi. Kazi zetu zote zimekaa kwenye diski za mkononi, droo imejaa, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la bibi harusi. Mwezi jana moja ilianguka, ikaanza kulia tik-tik, na picha za harusi nzima zikapotea. Kumweleza yule mama kuliniuma sana.

Sasa nataka seva ndogo ya ofisini yenye diski 4, kila moja ya terabaiti 4. Kwa RAID 5, yaani mpangilio wa kuunganisha diski ili zilindane, nabaki na terabaiti 12, na diski moja ikifa kazi inaendelea. Wahariri wetu 3 watafungua faili kila mtu mezani pake. Hilo nalipenda mno. Ila RAID haizuii wizi, moto, wala mtu kufuta kwa makosa. Tena stima hapa hupotea ghafla, kwa hivyo lazima ninunue UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda.

Wenye uzoefu, RAID 5 inatosha au nichukue RAID 6, inayovumilia hata diski mbili zikifa, nibaki na terabaiti 8? Na nakala ya pili mnaiweka wapi, nyumbani au kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni?